Mpishi wa Wagonjwa, Mume Hali Chakula Chake

Saa moja asubuhi, jikoni mwa hospitali, Mama Upawa anakoroga uji kwa mikono miwili. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu upawa haumtoki mkononi, hata akisalimiwa.

"Wagonjwa wananisifu," anasema. "Mume wangu hataki hata maji yangu."

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ana kisukari, na uzito wake ulikuwa umepita kilo mia. Muuguzi wa lishe aliwashauri wapunguze mafuta: nyama isiyonona, maziwa yasiyo na malai, wanga kwa kiasi. Shemeji mtu, kaka wa mume, aliyepungua mwenyewe mpaka mkanda ukatobolewa matundu mapya, akashikilia lake.

"Shemeji, mafuta yanasingiziwa bure," alimwambia. "Mwondolee wali, mkate na viazi. Mpe mayai na nyama iliyonona, halafu uone."

Mama Upawa hapendi kumuudhi mtu. Basi akawafuata wote wawili. Wanga akauondoa, mafuta akayaondoa. Sahanini zikabaki mboga za kuchemsha, matango na ute wa yai. Na vidonge vya kushusha sukari mzee wa watu akaendelea kumeza vilevile. Jamani, mtu anaishije hivyo?

"Alipungua upesi, majirani wakanipongeza, nami nikavimba kichwa," anasema. "Akilalamika njaa, namwambia vumilia, baba watoto, ndiyo dawa yenyewe."

Asubuhi moja mumewe akaanguka bafuni, jasho likimtiririka, maneno hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka mno.

Alilazwa hospitali hiyohiyo anayofanyia kazi mkewe. Alipopata nafuu akaletewa uji. Akauliza nani kapika. Alipoambiwa, akausukuma pembeni na kugeukia ukutani.

Daktari hakumgombeza mama. "Njia zote mbili zimesaidia watu," alimweleza. "Muhimu ni ile mgonjwa atakayoiweza kwa muda mrefu. Ila ukipunguza wanga, dawa lazima tuzipime upya. Na ukiondoa vyote, mama, unamwachia nini?"

Swali hilo halijamtoka rohoni mpaka leo.

Kutoka wodini, mume alienda moja kwa moja kwa kaka yake. Huko anakula mayai na nyama, vidonge vimepunguzwa, na daktari anaufuatilia moyo wake kwa karibu. Anaendelea vizuri, na hilo ndilo linalomkata maini mkewe.

"Nashukuru anapona," anasema. "Inaniuma tu kwamba anaponea kwa watu."

Nyumbani anapika chakula cha mtu mmoja, na mara nyingi kinalala.

Jumapili amepanga kwenda kwa shemeji yake. Anakusudia kwenda mikono mitupu, bila chungu wala hotipoti.

"Nitamuuliza anataka kula nini," anasema. "Muuguzi alisema yake, shemeji naye yake, na mimi yangu. Yeye hatukumuuliza."

Na akikataa kujibu?

"Nitakaa hapohapo. Ana haki ya kuninyamazia."