Ng'ombe wa Mahari Aliyekwenda kwa Haya Zangu

Nilimwahidi mama mdogo, mjane aishiye kijijini Gesima, kwamba ng'ombe wake hatatoka katika boma lao. Alitoka, na kosa ni langu.

Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameshindwa kesi ya mpaka wa shamba la majani chai na hakulipa gharama zake. Madalali wa mahakama walipokuja kuorodhesha mali yake, walimwandika pia ng'ombe wa mama mdogo, kwa kuwa alilala zizi moja na wale wa shemeji. Huyo alikuwa ng'ombe wa mahari ya bintiye. Mimi nimesoma sheria chuoni. Nilijua kwamba mtu asiyehusika na kesi anaweza kupeleka pingamizi mahakamani na mali yake ikaachiliwa. Tulipewa siku saba.

Pingamizi niliandika. Lilikosa kiapo kimoja tu, cha mzee aliyemleta ng'ombe, baba mkwe wa yule binti. Lakini kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Humpeleki mbele ya hakimu kueleza mahari. Niliona aibu, jamani. Karatasi zikabaki mkobani. Nikawaambia vijana wa boma kwamba haki hulindwa langoni. Maneno mazuri kama hayo, na yalitoka kinywani mwangu!

Siku ya nane madalali walirudi na lori. Mwana wa mama mdogo, binamu yangu, alisimama langoni na panga. Mmoja wao akamuuliza kwa kejeli kama ng'ombe ni mke wake. Rungu la dalali huyo likamshukia binamu begani. Panga likapanda, likashuka. Niliona vidole vitatu vya yule dalali kwenye matope. Wenzake walimpiga binamu yangu mpaka taya likavunjika. Nami, msomi, nilikuwa nyuma ya migomba.

Ng'ombe aliuzwa. Binamu yuko rumande, anakula kwa mrija.

Wiki iliyofuata mkwe alikuja kutupa pole. Alisikiliza yote, kisha akanigeukia.

"Ungeniita, kijana. Ningeapa hata mara kumi."

Mama mdogo hakuinua macho.

"Ulimwonea mzee haya," aliniambia. "Mwanangu hukumwonea huruma."

Msomaji, mali yako ikikamatwa kwa kesi ya mtu mwingine, weka panga chini. Peleka pingamizi kabla siku hazijaisha, na umwite shahidi wako, hata akiwa mkwe. Tafadhali, mwite.