Jumba Lililozungukwa na Maji

Juzi, hapa Doha, nilikuwa nikimsubiri rafiki yangu katika ofisi ya kuuza nyumba. Mama mmoja Mwingereza alikuwa ameinamia mfano wa jumba lililozungushiwa mfereji wa maji. Nyuma yake alisimama yaya wake, Mzanzibari, amembeba mtoto.

"Shambani kwa bibi yangu kuna mfereji kama huu," mama alimwambia muuzaji. "Ulichimbwa karne nyingi zilizopita. Nyumba yenyewe haipo tena. Umebaki mtaro wa pembe nne, majani na bata."

"Mabwana wa zamani walijizungushia maji ili waonekane wakubwa," muuzaji alijibu kwa fahari. Kisha akagusa kijumba kilichokuwa ng'ambo ya maji. "Yaya atalala hapa. Daraja hufungwa usiku."

Yaya akamhamishia mtoto bega la pili. "Sasa mtoto akilia, madamu, niogelee?"

Muuzaji aliangua kicheko. Mama alitazama chini kidogo, halafu akaomba kalamu, akatia saini.

Nilitoka nje damu ikinichemka. Huko kwao Waingereza wameiacha mifereji hiyo ijae tope, na ng'ombe wanaivuka bila kuulizwa. Sisi huku tunaichimba upya, tena tunaiita maendeleo.