Nyayo Nilizokataa Kuzitazama

Nakumbuka asubuhi moja ya kuelekea mavuno, mwanangu, nilipokuta mahindi yangu yamelazwa chini, mabua yametafunwa. Shamba lilikuwa huku Kilimarondo, pembeni kabisa mwa kijiji, karibu na pori. Nilikuwa kijana, mwenyekiti wa kitongoji, na cheo kilikuwa kimenilewesha.

Wafugaji kutoka kanda ya ziwa ndiyo kwanza walikuwa wamefika kwetu. Sikuuliza. Nilichukua mgambo wawili, tukakamata ng'ombe wa Masanja, mfugaji aliyekuwa jirani na shamba, tukawafungia zizini. Nikatangaza, bila mkutano wowote, kwamba ng'ombe wakila shamba watafungiwa siku tatu. Halafu nikakaa kitini nikamhukumu.

Masanja aliomba jambo moja tu, twende tukatazame nyayo. Nilimjibu kwamba shamba ni langu na nimeona kwa macho yangu.

"Basi nikakushitaki kwa nani, Mwenyekiti?"

"Niletee mimi," nikasema. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Siku ya pili akafika mjomba wangu, kaka wa mama. Kwetu sisi, mjomba akisema, hata baba hunyamaza. Tena alikuwa mwindaji enzi zake. Hakunisalimia. Alinipeleka shambani, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya alama ya ukwato mmoja. Ikabaki nafasi pande zote, alama pana kuliko ya ng'ombe yeyote.

"Huyu ni nyati," akasema. "Sheria umetunga wewe, umekamata wewe, umehukumu wewe, na mahindi ni yako. Alibaki nani wa kukuambia umekosea?"

Tulikwenda mbio zizini. Ndama mmoja alikuwa amekwisha kufa kwa kiu, maana sikuwa nimeagiza wanyweshwe. Masanja amekaa kando yake, akimfukuzia nzi. Picha ile ninayo mpaka leo.

Niliomba radhi mbele ya mkutano, nikampa mbuzi wangu wawili, ingawa mbuzi hafufui ndama. Siku hiyohiyo tukakubaliana: mkutano utunge sheria, mgambo wakamate, wazee wa baraza wasikilize. Na mwenye shamba, hata akiwa mwenyekiti, akae upande wa walalamikaji.

Wiki iliyopita tumesoma arobaini ya mjomba. Masanja alileta fahali wa shughuli, akamfunga uani, akakaa mkekani na wafiwa.

Mwanangu, nchi ni kitongoji kikubwa. Bunge litunge sheria, serikali itekeleze, mahakama ihukumu. Usikubali mtu mmoja ayashike yote matatu, hata awe mwema. Mimi sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa peke yangu tu, na msema pweke hushinda. Wazee walisema kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Nami naongeza: siku utakapokuwa nyani wewe, inuka kitini kabla hujaambiwa.

Mungu akupe macho ya kutazama nyayo kabla hujanena, na akuzungushie watu wasioogopa kukukatalia. Amina.