Mwisho wa Hadithi ya Mwanambuzi

Jirani yangu muuza karanga hafungui kitabu kabla hajapangusa viganja kwenye khanga. Kila akirudi kutoka stesheni ya Gulwe humpakata Lulu wangu, ambaye ana miaka mitatu na alikuwa hajatamka neno, akamsomea hadithi ileile ya mwanambuzi aliyepotea. Kidole hutambaa chini ya maneno polepole. Akifika mwisho, penye ukurasa ulionyofoka, hukohoa. "Basi, mama. Kilichobaki nimekisahau." Zamani alimsomea binti yake hadithi yote, nami nikiwa na mimba ya Lulu nilikaa mlangoni nikisikiliza. Homa ilimchukua yule binti kabla sijajifungua, na ukurasa ule haukuonekana tena.

Juzijuzi alipokohoa, Lulu naye akakohoa vilevile, akaweka kidole pale palipochanika. "Mama mbuzi akaita: mwanangu, mlango uko wazi, ingia."

Jirani alinigeukia. "Umemfundisha wewe, Mama Lulu?"

"Wallahi, dada, hata mimi nilishasahau."

Hakumtazama Lulu, alitazama mlangoni. "Soma tena, mwanangu," akanong'ona. Tangu siku hiyo, giza likiingia sote tunakomea milango, ila yeye wake anauacha wazi.