Sensa Iliyofungwa Pembeni

Fundi Sikio, mtoto wa mhunzi, mjukuu wa mtengeneza baiskeli: ndiye aliyefufua basi la shule kwa kipande cha seng'enge, ndiye aliyelisikia lori likipita barabarani akasema, "Silinda ya tatu imelala," na lilipofunguliwa ikawa hivyo hivyo. Huyo ni mume wangu, tumeoana miaka arobaini na mitatu sasa. Sifa zake nazijua zote. Aibu yake naijua pia, maana nusu ni yangu.

Alipotimiza miaka sitini na sita, masikio yakaanza kumtoroka. Birika lilipiga filimbi, naye kaketi kando yake anasoma gazeti. Niliona, nikanyamaza. Nilizoea kusifiwa sokoni kwa masikio ya mume wangu. Sikutaka kuwa wa kwanza kuyatangazia msiba.

Siku moja muuza maziwa akaleta pikapu yake gerejini kwetu. Mlimani ilikuwa ikijikokota kama mtu anayepelekwa kwa mkwe asiyempenda, na taa ya injini inawaka. Binti yetu, aliyesomea kupima magari kwa kompyuta, akaunganisha waya wake.

"Baba, sensa ya kugonga inalalamika."

Sensa hiyo ni kidude kilichofungwa kwenye mwili wa injini, kazi yake kusikiliza. Ikisikia injini inagonga, kompyuta hupunguza nguvu ili pistoni zisiumie.

Mume wangu akainama juu ya injini, akafumba macho. "Mbona mimi sisikii kitu? Sensa mbovu hiyo."

Wakafunga mpya. Ikalalamika vilevile.

"Mbovu nayo! Siku hizi wanauza takataka."

"Baba, mashahidi wawili wasiojuana wanasema neno moja. Na mimi nasikia, kama kokoto ndani ya kopo. Tufungue juu tutazame kama masizi ndiyo yanayoigongesha, nakuomba."

"Kokoto ziko kichwani mwako! Nilisikiliza injini kabla hujaota meno." Akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni na chai. "Mama, wewe unasikia kitu?"

Nilisikia. Tik-tik-tik, waziwazi kabisa.

Nikasema, "Mwanangu, mwache baba yako afanye kazi."

Basi akaing'oa sensa, akaifunga kwa waya pembeni, mbali na injini, mahali isiposikia chochote. Pikapu ikapata nguvu. Muuza maziwa akashangilia, "Fundi, umeirudishia ujana!" Binti yetu akaweka spana chini.

"Kumziba mgonjwa mdomo si kumtibu, Baba."

"Nenda basi gereji ya kompyuta, wakakupe cheo!"

Akaenda kweli. Akapata kazi gereji ya ng'ambo ya daraja, na jikoni kwangu pakawa kimya.

Siku ya nne pikapu ikafia mlimani, pistoni imetoboka. Maziwa yakachacha juani. Muuza maziwa hakututukana, heri angetukana. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaitazama injini yake kama maiti ya ndugu.

Jioni ile nikamwambia mume wangu, "Ilikuwa inagonga. Niliisikia."

"Lini?"

"Uliponiuliza. Na masikio yako nayajua tangu mwaka jana."

Akasugua vidole vyake vyeusi. "Mimi nayajua tangu mwaka juzi," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

Sijapata kusikia neno zito kuliko hilo.

Injini akaijenga upya kwa mikono yake, wiki nzima, bila kuomba malipo. Ilipobaki kuwashwa hakuiwasha. Tulivuka daraja kwa miguu. Binti yetu akatoka chini ya gari, uso umejaa grisi.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu baba yake, macho kwenye viatu. "Ile injini ya muuza maziwa nimeifunga. Kukaza bado nakaza vizuri. Kusikiliza siwezi tena. Nilikufukuza kwa ajili ya kazi nisiyoiweza. Kazi hiyo ni yako sasa, kwa pikapu ile na kwa kila gari litakaloingia gerejini kwangu. Njoo uiwashe, uisikilize. Ukisikia kitu, sema kwa sauti, mwanangu. Karibu na sikio la kushoto."