Macho Yaliyotazama Chini

Wavu uliolowa una harufu yake: dagaa, matope na moshi wa kuni. Ndiyo ilikuwa harufu ya mikono ya Baba kule Ujiji, na neno jicho nililijua kwanza kama tundu la wavu wake. Muuza nyavu akimwambia jicho ni la vidole viwili, Baba hupima upya kwa vidole vyake, kisha huanza kukata bei. Bibi naye aliita jicho la maji pale chemchemi inapobubujikia, na jicho la mguu pale kwenye kifundo alipojigonga kila asubuhi. Mama alikuwa na jicho la sokoni; likimwangukia muuza mihogo, mafungu matatu huwa manne.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, nje ya Simbo, ambako ziwa hulioni hata ukipanda juu ya paa. Tukapewa shamba na mzigo wa vijiti vya mihogo. Chakula chetu cha mwaka kilikuwa humo, na Baba hakuwahi kupanda hata kitunguu. Akavikita vijiti kama vigingi vya kuanikia nyavu: upande mwembamba chini, mnene juu. Mistari ilinyooka. Vijiti mia mbili na arobaini. Nilivihesabu mara mbili.

Jirani yetu, mama wa Kiha aliyetoka Kalinzi, akapita na jembe begani. Akacheka mpaka akajishika ubavu.

“We binti, hapa mnalima au mnavua? Ona.” Akagusa kivimbe kidogo kwenye kijiti. “Hili nalo ni jicho. Hutazama juu. Baba yako kayaelekeza kuzimu yote! Mwambie ageuze leo leo.”

“Haya mama, nitamwambia.”

Sikumwambia. Baba alikuwa ameketi pembeni akipiga mluzi, mara ya kwanza tangu tuliache ziwa.

“Unaonaje, mama?” akaniuliza. “Kazi ya fundi, au siyo?”

“Ya fundi, Baba.”

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona nimefanya biashara nzuri: furaha yake kwa maneno matatu.

Mihogo mingi haikuota. Iliyoota ilitoa mizizi myembamba kama vidole vyangu. Njaa ilipoingia ndani, Baba alirudi ziwani kuomba kazi katika mtumbwi wa watu. Dhoruba ikawakuta. Wenzake wawili waliogelea wakafika. Yeye, ziwa halijamrudisha.

Juzi daktari kaniambia nina mtoto wa jicho. Nikamjibu, huyo si mtoto, ni mzee mwenzangu. Hata hivyo bado naona ya kutosha kuwaudhi watu. Sokoni Mwanga wananiita Redio: mizani yako imelala, gunia lako linavuja, pindo lako limefumuka, wote nawaambia. Zamani mtoto aliyenyamaza alisifiwa. Siku hizi mzee anayesema anatukanwa. Jana kijana mmoja akaniuliza, “Kwani bibi, nani anakulipa?” Mimi, niliyebishania bei maisha yangu yote, nikamwambia nalipa deni la maneno matatu.