Mkono wa Wifi Ulionyamaza

Siku niliyoyakosa mapigo ya wifi yangu, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni mwa zahanati, na ilikuwa saa sita mchana. Nilikuwa nesi huko juu milimani, upande wa Gonja. Wifi, mke wa kaka yangu, alikuwa hajafikisha hata miaka ishirini na saba. Alikuja kwa miguu, akaketi kwenye benchi, akaninyooshea mkono.

"Wifi, hebu nipime. Huu mkono unachoka."

Akilima tangawizi, alisema, mkono wa kushoto unaingia ganzi kabla hajamaliza tuta moja. Akianika nguo, akiinua uso kuitazama kamba, kizunguzungu kinamshika. Mama yangu, tuliyeishi naye sote nyumba moja, alishaamua kwamba ni uvivu. Mwaka uliotangulia wifi alikonda na kupata homa za jioni, akatibiwa kifua kikuu miezi sita, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Tulidhani yamekwisha.

Nilimfunga mashine ya presha. Ikajaa upepo, ikapwaya, ikaandika kosa. Nikabadilisha betri, kosa tena. Nikahamia mkono wa kulia, mambo yakawa yaleyale. Basi nikaiweka pembeni, nikashika kifundo cha mkono wake kwa vidole vitatu, kama nilivyofundishwa chuoni.

Hapakuwa na kitu.

Nikabonyeza zaidi, nikalegeza, nikashika wa pili. Kimya. Naye muda wote ananisimulia habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha, anacheka, meno yote nje. Nimewahi kuosha maiti na kuzivisha, na mikono yao naijua. Huu ulikuwa laini na una uhai, ila ndani yake palikuwa kama nyumba iliyohamwa. Nikamwekea shingoni kile kifaa cha kusikilizia. Nilisikia kitu kinavuma, mfano wa upepo unaopenya chini ya mlango, kinakuja na kuondoka.

Niliuachia mkono wake upesi kuliko ilivyostahili. Akaona.

"Wifi, mbona hivyo? Nimekufa?"

"Umekufaje nawe unaongea?" Nilijaribu kucheka.

Kosa langu ni kwamba jioni ile nilimwambia Mama. Alikuwa anachagua maharage ya makande. Mikono yake ikasimama. Akasema kwa Chasu, lugha yetu Wapare, kwamba mtu asiye na mapigo, mwenyewe hayumo ndani. Tangu hapo hakunywa maji aliyoletewa na mkwe wake. Habari zikatoka, sijui kupitia mdomo wa nani, na kwenye bomba la kijiji wanawake wakaanza kumpisha wifi, wala si kwa heshima. Nilimkuta mara nyingi amekaa kizingitini, amefumba macho, vidole viwili juu ya kifundo chake mwenyewe, anangoja. Mimi nami sikuwa bora. Akijilaza mchana nilisimama mlangoni kuitazama khanga yake, kama inapanda na kushuka.

Rufaa ilitupeleka Same, kisha Moshi. Kaka alisisitiza Mama aende nasi. Daktari, mwanamke wa makamo, hakuhangaika na mikono. Alifunga kipimo pajani, na presha ikatokea, tena ya juu ya kutisha.

"Damu ipo," aliniambia. "Mlango ilipokuwa inabisha hodi ndio umezibwa."

Akatueleza kwamba kuta za ule mshipa mkubwa utokao moyoni zilikuwa zimevimba, zikanenepa, zikabana matawi yake. Chanzo hakijulikani vizuri. Ni ugonjwa adimu, na wengi wanaoupata ni wanawake vijana.

"Kule Japani wengi wanakuja kama huyu," alisema. "Mikono haina mapigo, kizunguzungu, wengine macho yanafifia. India, na kwetu Afrika, mara nyingi unashika chini zaidi, mshipa wa tumboni na wa figo. Mgonjwa anakuja na presha kali, mikono inadunda vizuri, hakuna anayeshtuka. Na mwanzoni homa na kukonda vinafanana na kifua kikuu, tena wengine wanakuwa nacho kweli. Lakini mwili hausomi ramani. Huyu ni Mpare, amekuja kwa sura ya Japani."

Kisha akamwita Mama, akamwinamisha, akavichukua vidole vyake na kuviweka juu ya unyayo wa wifi. Mama alipiga magoti sakafuni, ameushika mguu wa mkwe wake kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Unadunda," akasema.

Wifi alianza vidonge vya kupunguza uvimbe. Uso ulimjaa ukawa mviringo, usingizi ukampotea, mara mbili akataka kuviacha, na mara zote mbili Mama ndiye aliyemsimamia avimeze. Baada ya miezi mingi mkono wa kulia ulianza kujibu, kwa mbali. Wa kushoto haukurudi. Analima kidogo, anapumzika, na presha yake hupimwa mguuni.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya huko Hedaru. Akaja mwanamke kijana wa kutoka tambarare, kichwa kinamuuma wiki kadhaa, presha juu mno kwa umri wake. Mikono ilidunda kama ngoma. Nusura nimwandikie dawa aende zake. Kisha, bila kujua ninatafuta nini, nikainama nikamshika miguu. Kulia, hakuna. Kushoto, hakuna. Mwili ulinisisimka, na nje jua lilikuwa linawaka.

Nikamwekea kifaa tumboni.

"Unasikiliza nini, nesi? Sina mimba."

Nilisikia upepo ule, chini kabisa, karibu na figo. Safari hii sikumwachia. Nilimweleza nilichokisikia, nikaandika barua, nikampandisha basi la Moshi siku ileile. Alitibiwa, figo zake zikapona. Mwaka jana alipita kunisalimia akiwa na mtoto mgongoni.